Simu Niliyoipokea kwa Niaba Yako

Wairimu wangu,

Saa hii umekaa pale saluni kwa Shiku, shingo imepinda, unavutwa nywele mpaka nyusi zinapanda. Ulisema unataka rasta ndogo ndogo, na ndogo ndogo huchukua saa tano, pengine sita Shiku akipata mtu wa kupiga naye stori. Baba yako ameenda Lanet kwa shangazi yako kuchukua sanduku. Kwa hivyo nyumba ni yangu peke yangu, na nimekaa kwenye meza ya jikoni na kalamu yako ya kijani kwa sababu zile nyingine zote umeshazifunga.

Mambo ya chandarua, sabuni na kutotembea na simu mkononi baba yako amekuandikia karatasi mbili, pande zote. Mimi sitaongeza hapo. Nina jambo moja tu, na ninaliweka hapa mwanzo ili nisije nikalizunguka mpaka ukarudi. Daktari Zuhura hakukusahau. Alipiga simu ile Desemba ukiwa kidato cha tatu, kama alivyokuahidi, akakuita pwani kwa wiki tatu. Simu niliipokea mimi. Nilimwambia hutaki kwenda, na wewe sikukuambia kitu.

Sasa umejua. Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha, karatasi haina miguu, utaikuta. Lakini wiki ijayo utakaa darasani huko chuoni pwani mbele ya huyo mama, na nimeona taya zako zinavyokaza kila jina lake likitajwa hapa nyumbani. Unaenda kumkasirikia mtu ambaye hakukukosea. Hiyo hasira ina mwenyewe, na ni mimi.

Sababu ni wivu. Nimejaribu kutafuta neno lingine nikakosa. Watu wakisikia wivu hudhani ni mambo ya wanaume. Baba yako simwonei wivu hata kidogo. Wanawake wa hapa Kiamunyi wote wakimchukua leo watanirudishia kabla ya Jumapili. Wivu wangu ni wa vitu vingine, na wewe umekuwa ndani yake tangu siku uliyozaliwa.

Chukua hata jina lako. Msichana wa kwanza kwetu huitwa jina la mama ya baba yake, na hilo halina mjadala. Nilikubeba miezi tisa, ukatoka na paji langu la uso na masikio yangu, halafu nyanya yako akaja na kikapu chake, akakushika, akasema, "Nimezaliwa tena." Nikiwa kitandani nikajiuliza, umezaliwa tena na nani? Nikangoja msichana wa pili ili nimpe jina la mama yangu, Nyokabi, na huyo hakuja. Nyanya yako nilimpenda, Mungu amlaze pema, lakini miaka mitatu ya kwanza kila nilipokuita nilikuwa ninamwita yeye.

Kisha kuna habari ya Akinyi. Wewe unamjua kama anti Akinyi, mkubwa wa maabara yetu ya maji, anayekuletea dagaa kila akitoka kwao. Hujui kwamba tulianza kazi wiki moja, yeye na mimi, sote wawili tukiosha chupa. Wakati huo tulikuwa tunaishi Kaptembwo na nilikuwa ninatembea asubuhi mpaka kwenye mabwawa ya majitaka, tunakochota maji ya kupima, na gumboots zangu mkononi ili zisiishe soli. Hakuna aliyetufundisha kutumia hadubini. Tulijifunza kwa kuchungulia wataalamu walipotoka kwenda chai. Na nilikuwa bora kuliko Akinyi, yeye mwenyewe atakuambia. Ningeweza kuangalia tone la maji nikajua limetoka bwawa la ngapi.

Ikaja nafasi ya mafunzo, miezi tisa pwani, kujifunza maji ya chumvi na viumbe vyake. Kila mwaka mtu mmoja. Wakamtaja Akinyi, na mimi nikaambiwa zamu yangu ni mwaka unaofuata. Nilimpongeza, nikamsaidia kubeba begi mpaka stendi, kisha nikarudi nikalia chooni kazini. Mwaka ukaisha, Akinyi akarudi mweusi anang'aa, anaongea juu ya matumbawe kama mtu aliyetoka kuolewa. Wakataja jina langu. Nikasema sitaki.

Wewe nimekuambia miaka yote kwamba nilikataa kwa sababu ulikuwa mdogo unanyonya. Hukuwa unanyonya. Ulikuwa unakula githeri kama mjenzi, na nyanya yako alikuwa ameshakubali kukaa nawe. Nilikataa kwa sababu sikutaka kwenda wa pili. Sikutaka kurudi hapa halafu kila nikisema nimeona kitu Akinyi aseme, "Eeh, hicho nilikiona." Nafasi ya tatu haikuja. Mafunzo yakafutwa, Akinyi akapandishwa cheo, na mimi nikabaki na ndoo na chupa. Nina miaka arobaini na minane na bahari ninaijua kwa kalenda iliyo ukutani ofisini.

Ulipokuwa na miaka tisa tulikuwa tunachambua maharagwe hapo nje ukaniuliza, "Mum, kama singezaliwa ungekuwa umeona bahari?" Ulikuwa umeinamisha kichwa, unauliza polepole. Nilicheka nikasema, "Labda." Nilikuona ukiokota maharagwe mabovu baada ya hapo, moja moja, na hukuuliza tena. Nilijua nimekubebesha kitu na nikakuachia ukibebe, kwa sababu kilikuwa kizito na mimi nilikuwa nimechoka nacho. Hukunizuia, Wairimu. Hata siku moja hukunizuia.

Lakini pia nilikupa kitu kizuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Likizo zako zote za shule ya msingi ulizimaliza kwenye kiti kirefu cha maabara. Nilikushika kisogo nikakuonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Nikakuwekea tone la maji ya ziwa, ukafungua mdomo kidogo, halafu ukasema, "Mum, kuna springi." Ulikuwa umeona ule mwani mdogo wa kijani uliojikunja, unaoliwa na flamingo. Watu wazima wamesomea miaka na hawakuwahi kupata jina zuri kuliko hilo. Mpaka leo mimi na Akinyi tunauita springi, na wakubwa wakija tunajikumbusha kutumia jina refu.

Kusoma na kuandika ulijifunzia kwenye lebo za chupa zangu. Mahali, saa, hali ya hewa, aliyechota. Nilikuambia sheria ya kazi yetu ni moja: lebo huandikwa pale pale kwenye ukingo wa maji, kabla hujanyanyua mguu. Chupa ikifika ofisini bila lebo, hata kama unakumbuka vizuri umeichota wapi, inamwagwa. Ukaipenda hiyo sheria kupita kiasi. Ukawa unabandika karatasi kwenye kikombe cha baba yako. Mahali, meza. Hali ya hewa, moto. Aliyechota, Baba. Ninazo mbili ndani ya Biblia.

Kwa hivyo ulipofika kidato cha tatu na shule yenu ikakupeleka kwenye mashindano ya sayansi hapa mjini, mimi niliomba ruhusa kazini, nikavaa viatu vya harusi ya mamako mdogo, nikaja na chapati kwenye mfuko. Mezani kwako nilikuta chupa zangu sita, umezipanga vizuri, tatu za maji ya ziwa letu yenye magadi na tatu za maji matamu ya Naivasha. Lebo zote kamili. Nilisimama hatua tatu nyuma nikingoja umalize na majaji.

Jaji mmoja alikuwa Daktari Zuhura, mwalimu wa chuo cha huko pwani. Mwanamke wa makamo, buibui nyeusi, viatu vya raba kama mtu anayekuja kufanya kazi. Akakaa chini kabisa, akasoma kila lebo, akauliza, "Nani amekufundisha kuchota maji hivi?"

Ukasema, "Nimejifunza tu. Kwa vitabu, na mwalimu wetu wa bayolojia."

Chapati zilikuwa bado moto, nakumbuka zilivyonichoma mkono kupitia ule mfuko. Sikuletei hayo leo ili uone haya. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umezungukwa na wasichana ambao mama zao ni mawakili, na mama yako anachota majitaka. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nilitaka siku hiyo moja mtu aambiwe ni nani aliyeunda.

Halafu Daktari Zuhura akakushika bega akasema, "Mwanangu, wewe una jicho."

Mwanangu. Siku hizi najua kwamba huko kwao wanamwita hivyo kila mtoto, hata anayewauzia maji ya kunywa. Siku ile sikujua. Nilisikia mtu amechukua kitu changu mezani mbele ya macho yangu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba changu nilipomsalimu kilitoka kama kimevaa gumboots. Alikaa nawe karibu saa nzima. Majani ya bahari, mikoko, maji yanayotoka na kurudi mara mbili kwa siku. Ulikuwa umefungua mdomo kidogo, vile ulivyofungua siku ya springi. Nilidhani huo uso ulikuwa wa kwangu peke yangu.

Tukarudi nyumbani na Daktari akaja nasi, mdomoni mwako. Daktari alisema chumvi. Daktari alisema samaki wa matumbawe hulala. Daktari alisema wasichana wanaweza kupiga mbizi. Baba yako alikuwa anafurahi tu, unamjua. "Huyo Daktari akisema nioge mara mbili kwa siku, mimi naoga," alisema, mkacheka nyinyi wawili. Mimi nilikuwa ninapakua ugali nikihesabu. Jioni moja ulimtaja mara kumi na nne. Hukujua kuna mtu anahesabu.

Ulikuwa umempa namba yangu, kwa kuwa shuleni hamkuruhusiwa simu, naye akakuahidi kupiga likizo ikifika. Desemba hiyo, wiki ya kwanza ya likizo, nilikuwa nimesimama kwenye bwawa la mwisho, pale maji yaliyosafishwa yanapoingia ziwani. Chupa ilikuwa nusu. Simu ikalia.

"Habari za huko, mamangu? Mimi Zuhura, yule wa mashindano. Nimemtafutia Wairimu nafasi. Wiki tatu, watoto sita tu, tunahesabu majani ya bahari maji yakitoka. Atalala kwangu, niko na mama yangu mzazi, usiwe na wasiwasi."

Sikufikiria. Ningependa kukuambia nilifikiria. Nilisema, "Nimeongea na yeye, Daktari. Hataki."

"Hataki?"

"Amebadilisha nia. Anasema bahari iko mbali, afadhali asomee ualimu hapa karibu."

Nilisikia upepo upande wake na nikajua amesimama karibu na maji, kama mimi.

"Basi si neno," akasema. "Mwambie siku akitaka, mlango uko wazi. Na umpe salamu zangu nyingi."

Nikakata simu. Nikajaza ile chupa, nikaandika lebo, mkono ukiwa sawa kabisa. Namba yake nikaihifadhi kwa jina "Usishike". Jioni ukaniuliza kama kuna mtu amepiga nikasema ni watu wa kanisa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuficha simu moja. Sikuishia hapo. Unakumbuka ulivyokuwa ukingoja. Kila simu yangu ilipolia uliacha unachofanya, hata mara moja ukaacha sufuria ya maziwa yakafurika. Wiki ya tatu ukaja hapa jikoni, ukalala na kichwa mapajani mwangu, msichana mrefu hivyo, ukasema, "Amenisahau, Mum." Ukalia mpaka leso yangu ikalowa. Nikakusugua mgongo nikasema, "Watu wa vyuo vikubwa ndivyo walivyo, wanasahau watoto wa watu." Nikakukaangia viazi. Na nilifurahi, Wairimu. Ulikuwa umerudi kwangu. Tulikaa jikoni mpaka umeme ukapotea na hukumtaja hata mara moja, na mimi nilihisi nimeshinda.

Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ile simu. Simu ilichukua dakika mbili. Kufurahi kulichukua likizo nzima.

Sasa nisikie kwa jambo moja, si mahubiri, ni vile nilivyoona. Wivu haukuniambia jina lake. Uliniambia mtoto bado ni mdogo, pwani kuna joto, kuna malaria, huyo mama hatumjui. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ningeweza kuisema mbele ya mchungaji. Siku moja ukijikuta una sababu nyingi nzuri za kumzuia mtu unayempenda, zitazame tena, na ufumbe jicho moja.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Halafu mwaka jana wewe na baba yako mkaenda cyber kujaza fomu za chuo, mkarudi mnatabasamu kama wezi. Nikasubiri matokeo nikijiambia utaitwa ualimu. Ujumbe ulipoingia ulinisomea kwa sauti: sayansi ya bahari. Nikasema hongera. Nikauliza ulijaza nini nafasi ya pili, ukasema, "Hiyo hiyo. Na ya tatu pia." Kisha ukasema lile neno lililoninyima usingizi tangu siku hiyo: "Nataka huyo Daktari aone ni nani alisahau nani."

Umesoma kwa hasira mpaka ukafika. Nilikuona. Wengine wangesema basi, nilikusaidia. Mwezi mmoja hivi nilijidanganya na hilo. Lakini hasira hiyo unaipeleka kwa mtu aliyekutafutia kitanda nyumbani kwake, na atakapokuuliza kwa nini ulikataa, utasimama pale hujui la kusema.

Wiki iliyopita nilimwambia Akinyi. Tulikuwa tunaosha chupa, siku hizi bado anakuja kuosha nami ingawa ni mkubwa. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Mama Wairimu, hii maneno usipomwambia wewe, ataambiwa na yule mwingine. Na huyo hana sababu ya kukutetea."

Nikasema, "Nitamwandikia barua. Nitaiweka chini ya blanketi kwa sanduku, asome akishafika."

"Akishafika, ili wewe usione uso yake."

"Eeh."

"Unakumbuka Mzee Kiprono?" akaniuliza, na akaendelea kuosha.

Wewe hukumjua Mzee Kiprono. Alikuwa mlinzi wa mabwawa, mtu wa Njoro, mpole, mwenye redio ndogo mfukoni. Mwaka mmoja mvua ilininyeshea nikiwa kwenye mabwawa, nikakimbia na chupa mbili bila kuziandika. Nikaziandika ofisini nikiwa mkavu, kwa kumbukumbu, na bila kujua nikazigeuza. Majibu yakaonyesha maji yanayotoka ni machafu kuliko yanayoingia. Wakasema Mzee Kiprono amelala kazini akaacha milango ya maji wazi. Alikaripiwa mbele yetu sote, mtu wa umri wa baba yangu, amevua kofia. Mimi nilijua kesho yake asubuhi kwamba ni chupa zangu. Nilikaa wiki mbili kabla sijasema. Nilipomwendea akazima redio, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungekuja ile siku ya kwanza, ningecheka. Sasa siwezi." Hakuwa na hasira. Alinisalimu kila asubuhi mpaka alipostaafu, lakini hakuniitia tena chai.

Wewe nimekukalisha miaka miwili.

Kwa hivyo hii barua haiendi chini ya blanketi. Ukirudi kutoka kwa Shiku, kichwa kikikuuma na huwezi hata kugeuka vizuri, nitakupa mkononi, na nitakaa hapa hapa jikoni wakati unasoma. Sitapika, sitajifanya ninaosha vyombo. Ukitaka kunipigia kelele, majirani watavumilia. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila ujue mimi niko. Baba yako hajui bado. Nitamwambia baada yako, kwa sababu ni haki yako kuwa wa kwanza. Na Daktari Zuhura nimemwandikia ujumbe mrefu, uko kwenye simu, sijautuma. Ukimaliza hapa nitautuma ukiona, au wewe utamwambia mwenyewe kwa maneno yako. Utakavyoamua.

Salamu za watu ni amana, na hizi nimekaa nazo muda mrefu mno. Daktari Zuhura anakusalimu. Anasema siku ukitaka, mlango uko wazi.

Usidhani kuandika kumeniponya. Bado nina wivu hata sasa, kalamu ikiwa mkononi. Wewe utaamka utasikia bahari kabla ya kuoga. Kuna mwanamke mwingine atakuona ukifungua mdomo vile mara ya kwanza ukiingia majini, na mimi nitakuwa hapa kwenye bwawa la mwisho, na gumboots, nikikisia. Utarudi Desemba na maneno nisiyoyajua. Nitauliza, na utanieleza polepole kama nilivyokueleza wewe, na nitachukia kidogo, na nitasikiliza. Nimeshaamua nitasikiliza.

Kwenye begi lako jeusi, ndani ya kiatu cha kushoto, nimeweka chupa moja ya maabara. Akinyi anajua, hatujaiba. Ni tupu na ina lebo isiyoandikwa. Nilitaka kukuomba uniletee maji ya huko, niyaweke chini ya hadubini nione mwenyewe kuna nini. Lakini leo si siku yangu ya kuomba. Chupa ni yako. Ukirudi nayo imejaa, sawa. Ukirudi nayo tupu, au usirudi nayo, nitaelewa, na nitakukaangia viazi vile vile.

Nasikia geti. Ni wewe, maana baba yako hulipiga teke. Namalizia vile tulivyofundishana, hapa hapa ukingoni, kabla sijanyanyua mguu.

Mahali: jikoni kwetu, Kiamunyi.
Saa: kumi na moja kasorobo.
Hali ya hewa: mawingu, mvua bado.
Aliyechota: mimi, mama yako.